Jani la Nane la Zuhura

Kabla hujanionyesha picha iliyo kwenye simu yako, mwanangu, nionyeshe kwanza mkono wako. Ndivyo ninavyowaambia wasichana wote mnaopanda ngazi zangu hapa Kibokoni, Mji wa Kale, na koni zenu za dukani, mkitaka niwafunze kazi ya hina kwa alasiri moja. Kazi nimeiacha. Macho yamechoka, goti la kulia halikunjiki tena, na sina hamu ya kukaa chini saa nne nzima nimekamata mguu wa mtu. Lakini mdomo haujastaafu. Kaeni, mimineni kahawa, msiimwage kwenye mkeka wangu, niwape habari za Zuhura, maana huo mnaouita mtindo wa Bi Mwanaisha si wangu mimi Mwanaisha.

Miaka ya tisini ilipoanza mimi nilirudi kwetu na sanduku la nguo na talaka. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, sina mtoto, sina kazi, na majirani walikuwa wakinihurumia kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Zuhura hakunihurumia. Tulikuwa tumesoma chuo kimoja cha Kurani tukiwa wadogo, na tulichapwa pamoja kwa kosa lake, kwani ndiye aliyechora kuku kwa makaa kwenye ukuta wa mwalimu, mimi nilimshikia makaa tu. Alikuja nyumbani akanikuta nimejilaza na leso usoni.

"Shoga," akasema, "ukimaliza kulia, nina kilo tatu za hina zataka kutwangwa."

"Mimi sijui kazi ya hina."

"Pilau hujui kupika?"

"Najua."

"Basi mikono unayo. Inuka."

Nikainuka. Sikuketi tena kwa miaka thelathini.

Zuhura wakati ule alikuwa na jina mji mzima. Watu walimwita fundi wa hina, na kweli alikuwa fundi, lakini mimi niliyekaa naye nasema alikuwa msanii, maana fundi akimaliza kazi hupumzika, na yule hakujua kupumzika. Alichora kwa kidole kwenye unga kabla ya kusukuma chapati. Alichora kwa mvuke kwenye kioo. Mama yake alikuwa akipiga kelele, "Zuhura, tule leo au tutazame?" Na mdogo wake, Swabra, aliyekuwa bado yuko shule, alikuwa akienda darasani na maua ya wino kwenye kifundo cha mkono, akirudi ameadhibiwa, na kesho yake anataka mengine.

Kazi yangu ilikuwa kutwanga, kuchunga na kuchanganya. Msidhani ni kazi ndogo. Nyinyi mwanunua koni imejaa tayari, hamjui ndani mna nini. Sisi tulitwanga majani makavu kwenye kinu, tukayachunga mara tatu kwa mtandio mwepesi, kwa sababu punje moja tu ikipita mstari unakatika katikati ya ua. Halafu chai ya rangi iliyochemka ikawa nyeusi, halafu ndimu, na bakuli linafunikwa mpaka juu pabadilike rangi. Zuhura alikuwa akinusa tu. "Bado," anasema. Baada ya muda ananusa tena, "Sasa." Tulichorea kijiti cha ufagio kilichochongwa kwa wembe, na baadaye tukakunja koni zetu wenyewe kwa plastiki ya pakiti za maziwa, zimeoshwa na kukaushwa.

Piko, ile rangi nyeusi ya poda, ndiyo ilikuwa ngeni. Weusi ule ulikuwa ndiyo kwanza umewaingia watu, kila bi harusi akitaka hina nyekundu izungushiwe mistari myeusi. Mimi nikajiona mjuzi. Nikafikiri, poda ikizidi na weusi utazidi. Zuhura alikuwa na sharti moja lisilovunjwa: mchanganyiko wowote mpya unajaribiwa kwanza kwenye mkono wa aliyeuchanganya. Nikajipaka hapa, chini ya kiwiko, jani moja la mwembe. Kufika alasiri jani limevimba, limekuwa lengelenge. Tazameni, alama hii hapa mpaka leo. Zuhura alinitia maji, akanipepea, akanikanda, na aliponiona nimetulia akasema, "Lakini jani lenyewe umelichora vizuri." Sasa niambieni kweli, nani kati yenu hujaribu piko kwenye ngozi yake mwenyewe kabla ya kumtia mtoto wa watu? Haya, ficheni mikono hivyo hivyo.

Mitindo alikuwa akiiokota popote. Jumapili tulikwenda ufukweni Mama Ngina kula mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, na mimi nikila, yeye akitazama leso za watu. Wanawake walidhani anawasengenya kimoyomoyo. Siku moja tulikwenda kituo cha mabasi cha Mwembe Tayari kumsindikiza shangazi yake anayesafiri kwenda bara. Mvua ilikuwa imenyesha. Basi likaondoka, shangazi anapunga mkono dirishani, na Zuhura hampungii, kainama anatazama tope.

"Hebu ndoo uone," akaniambia.

"Nione nini? Shangazi yako yuwaenda!"

"Shangazi atarudi. Hii itafutika."

Lilikuwa tairi lililokanyaga tope. Mistari imekwenda hivi ikarudi hivi, na vijumba katikati. Wiki ile ile aliiweka kwenye mikono ya bi harusi mmoja wa Kuze, imezunguka vifundo vyote viwili, na juu yake akapandisha matawi. Siku ya kupamba, bi harusi alipokaa jukwaani kutazamwa na wanawake, bibi mmoja mwenye miwani akaukamata mkono ule, akaugeuza, akasema hiyo ndiyo kazi ya asili, mambo ya zamani hayo, siku hizi hakuna anayejua. Zuhura akaitikia kwa adabu, "Ndiyo, bibi." Mimi nilitoka nje nikacheka mpaka nikashika ukuta. Bi harusi wa watu amevaa tairi la basi la Nairobi!

Na alikuwa na jambo lake jingine, hili lisikilizeni vizuri. Kila bi harusi aliyemtia, alimchorea ua moja dogo kwenye kisigino cha mguu wa kulia, mahali pasipoonekana ila na mtu wa ndani. Ua lilikuwa na nafasi ya majani manane, na yeye alichora saba. Bi harusi akiuliza, anamwambia, "La nane lako liko kwangu. Ukijifungua salama ukatoka arubaini, nitakuja nikutie ua zima." Msidhani alikuwa malaika, alikuwa mjanja wa biashara pia, maana wote walirudi. Lakini aliyekawia kupata mtoto hakumwacha akae na kilema mguuni. Alimtafutia jambo jingine la kheri. Mmoja alitiwa jani la nane alipohamia nyumba yake mwenyewe, mwingine aliponunua cherehani. Zuhura alikuwa akipanda mwenyewe kwenda kwao na bakuli, akilitia jani lile kwa furaha kuliko harusi nzima.

Sasa niwape aibu yangu kubwa. Tulikuwa na kazi Buxton, kwenye zile nyumba za baraza la mji, chumba kidogo na joto la mwezi wa pili. Tulimaliza saa nane mchana. Zuhura akatoka kwenda kusali na kupata upepo, akaniachia neno moja: "Asilale." Kazi yangu ilikuwa ni hiyo tu, kumtazama bi harusi asilale mpaka hina ikauke. Bi harusi alikuwa ameamka tangu alfajiri. Mimi pia. Akaniomba nimsimulie hadithi. Nikamsimulia. Sijui hadithi iliishia wapi, kwa sababu tulilala wote wawili.

Nilichosikia baadaye ni Zuhura akisema taratibu mlangoni, "Subhanallah." Bi harusi alikuwa amejiegemeza shavu kwenye kiganja, kama mtoto. Alipoinua uso, ua lote lilikuwa limehamia shavuni. Na siku ya kupamba ni kesho!

Tulimsugua kwa ndimu. Tukampaka liwa, ule unga wa mti wa kunukia. Tukamsugua kwa unga wa dengu. Ua likawa linang'aa tu, limezidi kuwa jekundu. Mama yake alikuwa jikoni na shangazi wanne, na sauti zao tulizisikia. Mimi nililia kuliko bi harusi. Zuhura akakaa akamtazama msichana yule usoni kwa muda, akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku. Halafu akachukua kijiti, akalisafisha ua lile kingo zake, akalipunguza likawa dogo la adabu, na kwenye shavu la pili akachora mwenzake. Shangazi walipoingia na kupigwa na butwaa, aliwatangulia. "Hivi ndivyo wanavyotia Unguja sasa," akasema. "Huku hakujafika bado, mtakuwa wa kwanza."

Wallahi, wiki iliyofuata wasichana watatu walikuja kutaka maua ya mashavuni. Mpaka leo sijui Unguja waliposikia walisema nini.

Siku ile tulipotoka Buxton, Zuhura alicheka njiani mpaka akakaa kwenye kizingiti cha duka la watu, mkono kifuani. Nikacheka naye. Alikaa sana. Nikamwambia inuka, watu watutazama. Akaniashiria kwa kidole nisubiri. Mimi nilidhani ni kicheko.

Kulikuwa na mambo mengi niliyodhani. Ngazi za Mji wa Kale mnazijua zilivyo, za mbao, zimesimama wima. Zuhura alikuwa akisimama kila kipindi cha ngazi na kutazama dirisha. Mimi nilidhani anatazama nakshi, kwani hapiti penye nakshi akanyamaza. Kumbe alikuwa akitafuta pumzi. Alipokuwa mdogo alipata homa kali iliyoshuka moyoni, ikaharibu kilango kimoja kisifunge sawasawa. Hospitali walimwambia. Mama yake alijua. Mimi niliambiwa na yeye mwenyewe, siku nilipomfuma amekaa kwenye ngazi na bakuli mapajani, midomo imebadilika rangi.

"Mlango wangu wa moyo ni wa Mji wa Kale," akasema. "Haufungi mpaka uupige teke."

Nilimkasirikia. Nilimwambia mengi ya kijinga, kwa nini hakuniambia, kwa nini apanda ngazi za watu. Akaniacha nikamaliza. Kisha akasema, "Kesho lete miguu yako."

Ndipo masomo yalipoanza. Kila Alhamisi alasiri nilimnyoshea miguu miwili. Wa kushoto alinichora yeye. Wa kulia nilijichora mwenyewe, nimekunja goti hili lisilokunjika leo, nikiiga ule wa kushoto. Mimi mkono wangu ulikuwa mzito. Maua yangu ya kwanza yalionekana yamekanyagwa. Na hina haitoki kwa kuona aibu, kwa hiyo wiki nzima nilitembea mjini na mguu mmoja wa bi harusi na mmoja wa mtu aliyekanyaga chungu cha rojo. Muuza samaki wa Marikiti alikuwa akinitazama chini ya buibui kabla hajanitazama uso. "Dada, mbona mguu mmoja umeolewa na mwenzake bado?" Mama yangu kila nikimpita alijilaza chini kwa kucheka. Nilitaka kuvaa soksi, Zuhura akakataa. Alisema nikiona haya vya kutosha nitajifunza.

Alinifunza mambo ambayo hamtayapata kwenye simu. Anza kisiginoni, upande juu, maana ukifika vidoleni mkono umeshapata joto, na vidole ndivyo vitakavyotazamwa. Usitazame ncha ya kijiti, tazama mahali unapokwenda. Kwenye mzunguko toa pumzi, usiizuie. Na kabla hujagusa mguu wa mtu, mchekeshe kwanza, acheke mpaka achoke, baada ya hapo mguu utatulia. Asiyecheka usimtie. Muulize nani kamuudhi, usikize moyo wake kwanza, hina itangoja.

Kila Alhamisi alipomaliza mguu wangu wa kushoto alinichorea ua kisiginoni, majani saba. Nikamwambia, "Mimi si bi harusi, na mtoto sina. La nane langu ni la nini?"

"Siku utakayotia harusi nzima peke yako, nitakumalizia."

Swabra alikuwa ameposwa. Harusi ilikuwa iwe baada ya miezi michache. Tangu yuko shule na maua yake ya wino, Zuhura alikuwa amemuahidi kwamba siku yake atamtia hina ambayo mji haujaiona. Swabra hakuzungumza habari ya gauni wala ya dhahabu, alizungumza habari ya hina ya dada yake. Na sisi sote tulikuwa tukimwona Zuhura anavyopungua. Alhamisi moja, nimeinama nachora, akaniambia bila kubadilisha sauti, "Swabra utamtia wewe."

Nikatupa kijiti. Nikamwambia asinitajie habari hizo, yeye ndiye atakayemtia, na mimi nitatwanga.

"Isha, mimi nilimuahidi mkono. Nikiwa sina, nitatumia wako. Okota kijiti, hina yakauka."

Nikaokota. Nilichora ule mguu nikiwa sioni vizuri kwa machozi, na yeye akasema ndio mguu mbaya kuliko wote niliowahi kuchora, tukacheka.

Alhamisi ya mwisho mguu wangu wa kushoto ulimchukua kutoka adhuhuri mpaka alasiri. Alichora, akapumzika, akachora. Hakutaka kusaidiwa. Ua la kisiginoni alilimaliza, majani saba. Jumatano iliyofuata, asubuhi, baada ya kunywa chai, akamwambia mama yake anataka kujilaza kidogo. Alikuwa na miaka ishirini na tisa.

Sitaki kuwalizeni. Nitasema tu kwamba nilimpenda, na kwamba nilikasirika jinsi nyumba yake ilivyokuwa tupu. Mchoraji wa picha akifa huacha picha. Zuhura kazi zake zote zilikuwa kwenye ngozi za watu, na watu huoga. Nilipokuwa nikipita njiani nikiona mikono ya wanawake niliowajua, nilihesabu wiki. Huyu bado anayo kidogo. Huyu imekwisha. Nikajitazama miguu yangu nikaanza kuoga kwa tahadhari.

Alikuwa ameacha wasia harusi isisogezwe. Ikawa baada ya wiki mbili na siku kadhaa, bila ngoma, watu wa karibu tu. Ulikuwa mwaka ule wa mvua za Elnino, maji yanashuka juma zima, kuta zimelowa, na hina haikauki kwenye unyevu. Nilibeba bakuli langu, nikabeba na chetezo cha makaa na karafuu za kumfukizia miguu, nikapanda zile ngazi. Nilisimama kila kipindi cha ngazi nikatazama dirisha.

Mama yake alinipokea mlangoni, akanong'ona, "Hataki."

Swabra alikuwa amekaa kitandani amekunja miguu chini ya leso. "Dada Isha," akasema, "usinione mbaya. Sitaki hina ya mtu mwingine. Nitaolewa hivi hivi, mikono mitupu."

Nilitaka kumwambia habari ya ahadi ya mkono, nikaiacha. Nikaliweka bakuli chini, nikavua viatu, nikakaa mbele yake na kumnyoshea miguu yangu yote miwili. Rangi ilikuwa imefifia lakini ilikuwapo.

"Mmoja kachora dada yako," nikamwambia. "Mwingine nimechora mimi. Ukiujua wake, nitaondoka na bakuli langu na sitakuudhi tena."

Akatazama kwa muda mrefu. Akashuka kitandani, akakaa sakafuni, akapitisha kidole juu ya mistari ya mguu wa kushoto, kisha wa kulia, mpaka vidoleni. Halafu akaweka kiganja juu ya mguu wangu wa kulia, ule wangu mimi.

"Huu," akasema. "Huu ndio wa dada."

Akainyosha miguu yake mwenyewe kutoka chini ya leso. Sikumwambia kwamba amekosea. Nilimwuliza kama akumbuka siku ya kuku kwenye ukuta wa mwalimu, hakuwa amezaliwa lakini alikuwa ameisikia mara mia, akacheka, akalia, akacheka tena, na mguu ukatulia. Nikaanza kisiginoni. Nilimtia matawi yote ya Zuhura, nikamtia hata tairi la basi. Mvua inapiga bati, mama yake anafukiza karafuu, mimi nachora. Ua la kisigino nilimtia majani saba.

Swabra akaliona. "Na la nane lako?" akauliza. "Harusi nzima umetia peke yako."

"Langu limekwenda na mwenyewe."

Akatazama mikono yake iliyolowa hina mpaka kwenye viwiko, hawezi kushika hata kikombe. "Basi ningoje," akasema.

Baada ya harusi ile walianza kuja. Wanawake wa Zuhura, waliotoka arubaini, na watoto wachanga kwenye kanga, wanapanda ngazi zangu wanasema kwa haya, "Bi Mwanaisha, nina jani langu moja hapa." Nikawatia. Nilikuwa na kazi ya majani ya Zuhura kwa muda mrefu, na kila moja nilicheka, kwa sababu kila mmoja alikuja na kisa chake alichofanyiwa na Zuhura.

Swabra alijifungua mwaka uliofuata. Tulikuwa tumekubaliana mtoto akiwa mwanamke ataitwa Zuhura. Akatoka mwanamume, kilo nne, anapiga kelele kama kuli wa bandarini, wakamwita Hamisi. Siku ya arubaini nilikwenda na bakuli. Nilimtia ua la majani manane, zima. Kisha nikaona nimwambie kweli, nisikae na uongo juu ya mtoto wa watu.

"Swabra, siku ile ulikosea. Mguu ulioshika ulikuwa wangu."

"Najua," akasema, ananyonyesha.

"Wajua vipi?"

"Dada Zuhura kidole cha mwisho hakukichora sawa hata siku moja. Akifika pale pumzi zimemwisha. Ule wa kushoto kidole kilikuwa kimepinda. Ule wa kulia kilikuwa kimenyoka." Akamhamisha Hamisi ziwa la pili. "Ulikuwa umekuja na mvua yote ile, Dada Isha, na bakuli na makaa mkononi. Na nilikuwa nimeshaamua mguu ninaoutaka. Sasa chora ua lako, uache la nane."

Nikajichorea kisiginoni, majani saba. Swabra akamlaza mtoto, akachukua kijiti. Maishani mwake hakuwa ameshika kijiti cha hina. Akatoa ulimi nje, akakandamiza kama anachimba kisima, akalitia. Wasichana, nimeona kazi mbovu miaka thelathini, na nyinyi mnaniletea nyingine kila juma, lakini jani lile lilishinda. Lilikuwa nene, limeinama upande, limemwagikia mwenzake.

Nilishuka ngazi taratibu lisije likafutika. Nilipofika nyumbani mama yangu, ambaye miguu yangu ilikuwa ndiyo tamasha lake, akanishika kifundo, akatazama kisigino, akaanza kucheka.

"Masalale! Nani kakutia karanga mguuni?"

"Zuhura, mama," nikamwambia. "Kanimalizia."